Bima ya afya kwa mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe nje ya nchi: mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Malampaka

MTOTO anayeishi nje ya nchi anapomwalika mzazi wake kwenda kumtembelea, familia huanza mara moja kushughulikia pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Bima ya afya mara nyingi huachwa hadi siku za mwisho, na inapofika zamu yake huchaguliwa kwa kuangalia jambo moja tu, nalo ni bei. Kwa mzazi mwenye umri mkubwa anayeondoka Malampaka, wilayani Maswa katika Mkoa wa Simiyu, kwenda kukaa na wanawe Canada, Uingereza, Ujerumani au Marekani, uamuzi huo wa haraka ndio unaoweza kuamua iwapo gharama za hospitali zitalipwa na kampuni ya bima au zitabaki kuwa deni la familia kwa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua bima hiyo. Jambo la msingi ambalo kila familia inapaswa kulifahamu tangu mwanzo ni kwamba bima inayotosha kupata viza si lazima iwe bima itakayotosha kulipia matibabu. Ya kwanza hupimwa na ofisa wa ubalozi kwa kuangalia kiasi cha fedha na tarehe. Ya pili hupimwa siku mzazi anapougua, na wakati huo kinachoangaliwa ni maneno ya mkataba.

Kadi ya bima ya nyumbani haivuki mpaka

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, unamwezesha mwanachama kuandikisha wategemezi wake, wakiwemo wazazi. Kwa utaratibu huo, mzazi wa Malampaka ambaye mwanawe ni mtumishi wa umma anaweza kutibiwa katika Hospitali ya Wilaya ya Maswa, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Bariadi, na inapobidi akafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima.

Hata hivyo, mifumo hiyo imewekwa kwa ajili ya huduma zinazotolewa katika vituo vya hapa nchini. Mzazi akiugua akiwa Toronto au London, kadi hiyo haitamsaidia. Hivyo basi, anahitaji bima nyingine ya safari kwa muda wote atakaokuwa nje. Pamoja na hayo, haishauriwi kuiacha bima ya nyumbani ikome kwa sababu ya safari, kwa kuwa mzazi ataihitaji mara tu atakaporejea, hasa kama atakuwa ametibiwa huko na anatakiwa kuendelea na kliniki.

Vilevile, familia isidhani kwamba bima ya mtoto anayeishi ughaibuni inamkinga mzazi. Bima anayopewa mfanyakazi na mwajiri wake katika nchi nyingi humhusu yeye, mwenzi wake na watoto wake. Mzazi anayekuja kwa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa mgeni, hata kama analala nyumba moja na mwanawe anayelipa kodi katika nchi hiyo.

Kila nchi ina masharti yake

Nchi zilizo katika eneo la Schengen barani Ulaya, ambazo kwa sasa ni 29, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uholanzi na Sweden, zinamtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya afya ya safari. Kwa mujibu wa kanuni za viza za Umoja wa Ulaya, bima hiyo ni lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, itambulike katika nchi zote za eneo hilo, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya pamoja na gharama zinazotokana na kifo. Kanuni hizo zinaelekeza kwamba mwombaji, kwa kawaida, anunue bima katika nchi anayoishi, lakini pia zinaruhusu mtu mwingine, kwa mfano mtoto aliyemwalika, kumnunulia.

Canada ina viza maalumu kwa wazazi, babu na bibi wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, ijulikanayo kama super visa, iliyoanzishwa mwezi Desemba 2011. Tangu Julai 2022, mwenye viza hiyo anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa kila anapoingia. Sharti lake mojawapo ni bima ya afya yenye kinga isiyopungua dola 100,000 za Canada, inayodumu angalau mwaka mmoja tangu tarehe ya kuingia, na inayogharamia matibabu, kulazwa na kurejeshwa nyumbani. Makadirio ya bei peke yake hayakubaliki. Mwombaji ni lazima aoneshe kuwa bima imelipwa yote, au kwamba malipo ya awali yamefanyika pale inapolipwa kwa awamu. Kuanzia mwishoni mwa Januari 2025, bima ya kampuni iliyo nje ya Canada inaweza kukubaliwa iwapo kampuni hiyo imeidhinishwa na msimamizi wa taasisi za fedha wa nchi hiyo.

Uingereza haimlazimishi mgeni wa matembezi kuwa na bima, na hapo ndipo familia nyingi zinapoweza kuteleza. Mgeni wa muda mfupi hulipa gharama za matibabu ya hospitali za umma, na kwa England gharama hiyo hutozwa kwa asilimia 150 ya bei ambayo mfumo huo wa afya hujiwekea. Huduma ya mapokezi ya dharura hutolewa bila malipo, lakini mgonjwa akilazwa, malipo huanza. Matibabu ya haraka hayazuiliwi kwa sababu mgonjwa hana fedha, ila ankara humfuata baadaye. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kufikishwa kwa mamlaka za uhamiaji na kuathiri maombi yajayo ya viza ya mzazi huyo.

Marekani nayo haitaki bima kwa viza ya matembezi, ilhali gharama zake za hospitali zinajulikana kuwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1986 inazitaka hospitali nyingi zenye kitengo cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake wa kulipa. Sheria hiyo haifuti deni. Mzazi atahudumiwa, kisha ankara itatumwa nyumbani kwa mwanawe.

Funzo linalopatikana hapa ni kwamba ukimya wa masharti ya viza usichukuliwe kuwa ruhusa ya kusafiri bila kinga. Katika nchi mbili za mwisho zilizotajwa, ambako bima si sharti, hatari ya deni kwa familia ni kubwa.

Swali linaloamua: maradhi aliyonayo mzazi kabla ya safari

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 68, mkulima wa pamba, ambaye kwa miaka kadhaa ametumia dawa za shinikizo la damu na hali yake ni tulivu. Mwanawe amempatia bima ya bei nafuu yenye kinga kubwa ya fedha, na viza imetoka. Katika mwezi wa pili wa matembezi anapata kiharusi. Kampuni ya bima inaomba kumbukumbu zake za matibabu, inakuta historia ya shinikizo la damu, na inakataa kulipa kwa kuwa mkataba hauhusu maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima pamoja na madhara yake. Kiasi kikubwa kilichoandikwa kwenye cheti hakina maana tena, kwa sababu ugonjwa wenyewe haumo ndani ya kinga.

Kwa hiyo, swali la kwanza kuiuliza kampuni ya bima linapaswa kuhusu maradhi hayo, kabla ya bei. Kwa kawaida majibu huwa ya aina nne. Zipo bima zisizolipa lolote linalotokana na maradhi ya zamani. Zipo zinazolipa pale tu hali inapobadilika ghafla na bila dalili za awali, na mara nyingi kwa masharti kwamba mgonjwa atafutiwe matibabu ndani ya saa chache. Zipo zinazolipa iwapo ugonjwa umekuwa tulivu kwa kipindi fulani kabla ya safari, kwa mfano miezi mitatu au sita. Na zipo, kwa bei kubwa zaidi, zinazokubali maradhi yaliyotajwa kwa jina baada ya kupitia taarifa za daktari.

Kwa mzazi mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au tatizo la moyo, aina mbili za mwisho ndizo zinazostahili kutafutwa kwanza. Hapa ni muhimu kuelewa maana ya neno “tulivu” katika mkataba. Kampuni nyingi huhesabu kuwa hali si tulivu iwapo dawa imebadilishwa au kipimo chake kimeongezwa au kupunguzwa ndani ya kipindi hicho. Mzazi asibadilishe wala kuacha dawa ili kukidhi sharti la bima, kwani afya yake ndiyo ya kwanza. Ikiwa daktari amebadilisha dawa, taarifa hiyo ipelekwe kwa kampuni kabla ya safari na majibu yapatikane kwa maandishi.

Namba nne za kusoma katika mkataba

Namba ya kwanza ni ukomo wa malipo, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa. Familia ichunguze iwapo ukomo huo ni kwa safari nzima au kwa kila ugonjwa, na iwapo unapungua kutokana na umri. Kampuni nyingi hupunguza kinga na kupandisha ada kwa wasafiri wanaofikisha miaka 70 na 80.

Namba ya pili ni kiasi cha awali ambacho familia italipa yenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Kiasi hicho kikiwa kikubwa, ada ya bima hupungua, lakini fedha hizo ni lazima ziwepo siku ya ugonjwa.

Namba ya tatu ni asilimia ambayo familia itaendelea kuchangia. Kwa mfano, mkataba unaweza kusema familia italipa dola 500 za mwanzo, kisha asilimia 20 ya dola 5,000 zinazofuata, na baada ya hapo kampuni italipa zote hadi ukomo. Ankara ikiwa dola 12,000, familia italipa dola 500 na nyingine 1,000, jumla dola 1,500, na kampuni italipa dola 10,500.

Namba ya nne ni viwango maalumu vya kila huduma. Baadhi ya bima za bei nafuu, hususan kwa wageni wanaokwenda Marekani, hulipa kiasi kilichopangwa kwa kila siku ya kulazwa au kwa kila upasuaji, bila kujali hospitali imetoza kiasi gani. Mkataba ukilipa dola 1,000 kwa siku na hospitali ikatoza dola 4,000, tofauti ya dola 3,000 kwa kila siku ni ya familia, hata kama cheti kinaonesha ukomo wa makumi ya maelfu ya dola.

Aidha, kuna kifungu ambacho familia huona vigumu kukizungumzia, nacho ni cha kusafirisha mwili endapo mzazi atafariki akiwa nje. Kifungu hicho kisomwe bila aibu. Pale kinapokosekana, ndugu na Watanzania waishio ughaibuni hulazimika kuchangishana fedha ili marehemu azikwe nyumbani, huku familia ikisubiri msibani. Mzazi aliyezoea kusema kwamba angependa kuzikwa Malampaka atakuwa amepewa heshima yake iwapo kifungu hicho kitakuwemo na kiasi chake kitatosha.

Fomu ijazwe kwa ukweli

Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Mwombaji anapoulizwa kuhusu afya, anawajibika kueleza yote anayoyafahamu. Kuficha ugonjwa ili ada ipungue huipa kampuni sababu ya kukataa dai zima, hata pale ambapo ugonjwa uliotokea hauhusiani moja kwa moja na ule uliofichwa.

Tatizo hili mara nyingi hutokea bila nia mbaya. Fomu hujazwa na mtoto aliyeko ng’ambo, kwa Kiingereza, kwa kukisia. Mzazi naye huenda hakumweleza mwanawe kwamba alianza dawa mwaka uliopita, kwa kuwa hakutaka kumtia wasiwasi. Inashauriwa mtoto azungumze na mzazi pamoja na ndugu anayeishi naye, asome kila swali kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma pale inapobidi, na apate picha ya kadi ya kliniki kabla ya kujibu.

Mahali pa kununua na pa kulalamika

Kampuni, mawakala na madalali wa bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kabla ya kulipa, mwananchi anapaswa kuhakiki kuwa anayemuuzia amesajiliwa na mamlaka hiyo, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi jijini Mwanza. Malipo yafanywe kwa kampuni na stakabadhi itolewe. Fedha zisitumwe kwa namba binafsi ya mtu anayejitambulisha kuwa wakala.

Mwananchi asiporidhika na uamuzi wa kampuni iliyosajiliwa nchini, aanze kwa kuwasilisha malalamiko yake kwa maandishi kwenye kampuni hiyo. Asiporidhika tena, anaweza kwenda TIRA au katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Bima iliyonunuliwa katika kampuni ya nje na mtoto aliyeko huko husimamiwa na mamlaka za nchi hiyo, hivyo malalamiko yatafuata utaratibu wa huko. Faida yake ni kwamba kampuni hiyo huwa na uhusiano wa karibu na hospitali za eneo husika na huweza kuzilipa moja kwa moja.

Kabla ya kulipa, iulizwe pia iwapo ada itarudishwa endapo viza itakataliwa au mzazi atarejea mapema, na iwapo bima inaweza kuongezwa muda kabla ya kumalizika.

Maandalizi kabla ya kuondoka Malampaka

Mzazi aende kwa daktari anayemhudumia mapema, angalau miezi miwili kabla ya safari, na aombe muhtasari wa maandishi kwa Kiingereza unaotaja maradhi yake, dawa kwa majina yake ya kitabibu na vipimo anavyotumia. Muhtasari huo utasaidia kujaza fomu ya bima, kukamilisha dai na kumwongoza daktari wa ugenini.

Bima ya safari kwa kawaida hailipii dawa za kila siku wala kliniki za kawaida. Kwa hiyo, mzazi azungumze na daktari kuhusu kubeba dawa za kutosha, zikiwa katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, na aziweke katika mkoba wa mkononi. Familia ihakikishe pia kuwa bima inaanza siku mzazi anapoondoka nchini na inamalizika siku chache baada ya tarehe ya kurudi, kwa kuwa safari huweza kuahirishwa.

Namba ya simu ya dharura ya kampuni iandikwe kwenye karatasi na iwekwe ndani ya pasipoti, na nakala ya mkataba abaki nayo ndugu mmoja nyumbani. Mikataba mingi huitaka familia kuijulisha kampuni kabla ya mgonjwa kulazwa, au mapema iwezekanavyo baada ya dharura. Kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kupunguza malipo.

Kwa wazazi wa kigeni wanaokuja Tanzania

Zipo pia familia zinazowapokea wakwe na wazazi kutoka nje. Kwa wale watakaofika Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC) kwa dola 44 za Marekani, yenye kinga ya hadi siku 92. Mwenyeji anashauriwa kuwajulisha wageni wake mapema, na kuthibitisha masharti ya Tanzania Bara katika ofisi za ubalozi au Idara ya Uhamiaji kabla ya tiketi kukatwa.

Masharti ya viza na bima hubadilika. Kila familia ithibitishe viwango vilivyotajwa hapa kwa ubalozi wa nchi husika katika kipindi cha maombi. Baada ya hapo, swali moja liulizwe kwa kampuni ya bima na jibu lake lipatikane kwa maandishi: mzazi akiugua ugonjwa ambao tayari anao, mtalipa kiasi gani, na kwa masharti gani? Kampuni isiyoweza kulijibu kwa uwazi kabla ya safari haitarajiwi kulijibu vizuri mzazi akiwa kitandani hospitalini.